Mifupa ya Nikolao: Bari iliiba au iliokoa?

Aprili 1087, merikebu tatu za wafanyabiashara wa Bari, mji wa bandari kusini mwa Italia, zilitia nanga karibu na Mira, kwenye pwani ya Lisia. Leo mahali hapo ni Uturuki, na mji unaitwa Demre. Merikebu zilikuwa zinarudi kutoka Antiokia zilikopeleka nafaka. Mabaharia wakashuka na silaha, wakapanda hadi kanisa la Mtakatifu Nikolao, wakawakuta watawa wanne tu kaburini. Wakaomba waonyeshwe mahali hasa alipolala mtakatifu. Watawa, waliozoea kupokea mahujaji, wakawaonyesha. Ndipo kijana mmoja, Matteo, akashika chuma, akalipasua bamba la marumaru, akaingia kaburini na kuanza kutoa mifupa.

Tarehe 9 Mei mifupa ile ilikuwa Bari. Juu yake likajengwa kanisa ambalo hadi leo ni miongoni mwa mahali pa hija panapotembelewa sana Italia: Basilika ya Mtakatifu Nikolao. Na tangu siku ile lipo swali moja lisilokwisha. Wabari wanasema waliyaokoa masalia ya mtakatifu yasiangukie mikononi mwa Waturuki. Wengine wanasema wizi ni wizi hata ukifanywa kwa kupiga magoti.

Niseme mapema nilipo: ulikuwa wizi. Lakini kukiri hivyo hakutufikishi mbali, kwa sababu swali gumu linakuja baada yake. Mali ikishaitwa ya wizi, arudishiwe nani?

Kwanza ushahidi. Kisa cha Matteo na chuma chake hakikutungwa na maadui wa Bari. Kimeandikwa na Wabari wenyewe, Nikeforo na shemasi mkuu Yohane, kila mmoja kwa kalamu yake, muda mfupi tu baada ya tukio. Ukisoma utetezi wao unasoma na ungamo humo humo. Wanaeleza jinsi mabaharia walivyowaambia watawa kwamba wametumwa na Papa wa Roma, jambo ambalo halikuwa kweli. Wanaeleza jinsi walivyowaahidi dhahabu na watawa wakaikataa. Wanaeleza jinsi watu wa Mira walivyokimbilia ufukweni wakilia, wengine wakiingia majini wakiwa na nguo zao, wakati merikebu zinaondoka na askofu wao aliyekufa zaidi ya miaka 700 nyuma.

Huyo askofu alikuwa nani? Ya hakika ni machache. Aliongoza Kanisa la Mira katika karne ya 4, na mapokeo yanaweka kifo chake 6 Desemba, karibu na mwaka 343. Hadithi iliyomtangaza kuliko zote ni ya baba fukara mwenye mabinti watatu asiye na mali ya kuwaozea (kule binti ndiye aliyekwenda na mali kwa mume, si kama mahari ya kwetu). Usiku, Nikolao akatupa mifuko ya dhahabu dirishani akaondoka bila kujitaja. Yule mzee mwenye joho jekundu na ndevu za pamba anayesimamishwa mlangoni pa maduka kila Desemba ni mjukuu wa mbali wa hadithi hiyo, ingawa nadhani askofu mwenyewe angepita bila kumtambua. Mabaharia nao walimfanya msimamizi wao, kwa hiyo mkono uliomvunjia kaburi ulikuwa mkono wa watu waliomlilia kila walipokutwa na dhoruba. Walimpenda kweli. Hilo lisipokubaliwa, kisa chote hakieleweki.

Utetezi wa uokozi una uzito wake. Mwaka 1071 Wabizanti, yaani watu wa dola ya Kigiriki ya Konstantinopoli iliyotawala Mira, walishindwa vibaya na Waturuki wa Seljuki katika vita vya Manzikert, na miaka iliyofuata Anatolia, sehemu kubwa ya Uturuki ya leo, ikawa shamba lisilo na mwenyewe. Wakazi wengi wa Mira walikuwa wamehamia mlimani kwa hofu, ndiyo maana kanisa kubwa namna ile lilibaki na walinzi wanne. Hatari haikuwa ya kubuni. Mwanzoni mwa karne ya 9 kundi la merikebu za Khalifa Harun al-Rashid liliwahi kushambulia Mira likakusudia kulivunja kaburi la Nikolao, likavunja jingine kwa kukosea.

Watetezi wa Bari waliokuja baadaye nao wanaongeza hoja nyingine. Mto unaoteremka Demre ulileta matope karne kwa karne hadi kanisa la Mira likafukiwa mita kadhaa. Mgeni wa leo anashuka ngazi kuliingia. Katika karne ya 19 Warusi ndio waliogharimia kazi ya kulifukua na kulitengeneza. Kama mifupa ingebaki pale, wanasema, ingekuwa wapi sasa?

Hoja nzuri, ila imechelewa kufika. Aliyeiba ng'ombe hawezi kujitetea kwamba mwaka uliofuata ukame uliua zizi zima. Wabari hawakujua habari za matope. Tuwapime kwa walichokijua Aprili 1087, na hapo waandishi wao wenyewe wanawaangusha. Kilichowafanya waharakishe hakikuwa Waturuki. Wakiwa Antiokia walipata habari kwamba Wavenezia, watu wa bandari ya Venezia kaskazini mwa Italia, nao wamepanga safari hiyo hiyo, tena wamekwisha kutayarisha vyuma vya kubomolea. Haya yalikuwa mashindano ya bandari mbili.

Na Bari ilikuwa na sababu ya kushindana. Mwaka ule ule wa 1071, miezi michache kabla ya Manzikert, mji ulikuwa umeangukia mikononi mwa Wanormani, wapiganaji wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa, wakiongozwa na Robert Guiscard, baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Kabla ya hapo Bari ilikuwa makao ya katepano, gavana wa Bizanti aliyetawala Italia ya kusini. Kwa siku moja ikawa mji kama mji mwingine wowote. Cheo kimekwenda, Venezia inapanda. Mtakatifu mkubwa wa baharini angewaletea mahujaji, sadaka, heshima, na sababu ya merikebu kutia nanga.

Jambo la tatu ndilo linalonishawishi kuliko yote. Matteo alitoa mifupa mikubwa kwa haraka, fuvu likapatikana mwisho, wakaondoka. Vipande vidogo vingi vikabaki kaburini. Mwokozi gani huyo anayemwacha mgonjwa nusu ndani ya nyumba inayoungua? Mtu aliyekuja kuokoa angechekecha mchanga. Mtu anayekimbia kabla ya kijiji kuamka hachekechi. Vipande hivyo tuviweke akilini, nitavirudia.

Hata hivyo tukiwahukumu mabaharia wale kwa sheria ya leo peke yake tutakuwa tumewaonea. Katika karne yao kulikuwa na imani iliyokubalika, kwa wasomi na kwa wavuvi, kwamba mtakatifu si kitu, ni mtu aliye hai mbele ya Mungu, na hahamishwi asipotaka. Angekataa, angeangusha paa, angezuia upepo. Kufanikiwa kwenyewe kulikuwa ruhusa. Ndiyo maana waandishi wa Bari hawaoni haya kusimulia chuma na uongo: wanatafuta dalili za ridhaa. Chupa ya kioo yenye maji ya kaburi ilimponyoka padre Lupo ikaanguka sakafuni isivunjike, wakasema, ameridhia. Baadaye upepo ukakataa kabisa, merikebu zikarudishwa nyuma. Ikagundulika kwamba baadhi ya mabaharia walikuwa wamejifichia vipande vya mifupa. Wakaapishwa, wakavitoa, upepo ukageuka.

Mtu wa leo anaweza kucheka. Mimi nakiona kisa hiki kina akili zaidi ya kinavyoonekana. Kinasema hata katika wizi mtakatifu kuna wizi usiokubalika: mtu mmoja kujifichia cha wote. Kitu walichokosa ni kuuliza kama watu wa Mira nao ni sehemu ya hao wote.

Waliporudi nyumbani walikuta kivumbi kingine. Askofu Mkuu Urso alitaka masalia yawekwe kwenye kanisa lake. Mabaharia na raia walitaka kanisa jipya, la mji, si la askofu. Watu wakashikana, silaha zikatoka, damu ikamwagika barabarani kwa ajili ya mtakatifu wa amani. Aliyetuliza mambo ni Elia, abate wa Wabenediktini, aliyekuwa amekabidhiwa mifupa kwa muda. Akapewa kazi ya kujenga, na kiwanja kilichochaguliwa kinasema mengi: uwanja wa katepano, pale pale alipokaa gavana wa Bizanti. Mji uliopoteza gavana ukamweka askofu wa Kigiriki kwenye kiti chake.

Kazi ilikwenda kwa kasi chini, polepole juu. Mwaka 1089 Papa Urbano II alifika mwenyewe, akaiweka mifupa chini ya altare ya kanisa la chini, na Elia akawekwa wakfu kuwa askofu mkuu. Kanisa la juu likasubiri hadi 1197 kuwekwa wakfu. Katikati, mwaka 1156, mfalme Guglielmo wa Kwanza wa Sicilia aliadhibu uasi wa Bari kwa kuubomoa mji. Basilika akaiacha. Katika mji mzima uliogeuzwa kifusi, nyumba ya mwizi na mtakatifu wake ndiyo iliyosalia imesimama.

Ndani ya basilika kuna kitu kimoja ambacho kwangu kinafaa kutazamwa kwa muda kuliko altare ya fedha. Ni kiti cha marumaru kinachoitwa kiti cha Elia. Wataalamu wanabishana kama ni cha siku zake au cha baadaye kidogo. Ukikitazama kutoka mbali ni kiti cha askofu tu, kimenakshiwa vizuri. Ukisogea, unaona kimebebwa na watu. Wanaume wawili nusu uchi wameinama pembeni, misuli imetuna, vinywa vimeachama kama wachukuzi wa bandarini wanaotweta chini ya gunia. Katikati yao yupo wa tatu, mwenye kofia na fimbo, ambaye mzigo huo haumwelemei kiasi hicho. Nyuma, simba wamewakamata watu. Aliyechonga hakutuachia maelezo. Wapo wanaoona hapo adui walioshindwa, wapo wanaoona watumwa. Mimi naona mji uliojua kwamba utukufu wake una mtu chini yake anayelia.

Teremka kwenye kanisa la chini sasa. Dari ni fupi, limeshikwa na nguzo 26, taji za nguzo zimechongwa mbalimbali, hakuna zinazofanana sana. Altare iko nyuma ya kizuizi cha chuma, na chini yake ndiko aliko Nikolao. Kila mwaka 9 Mei, mbele ya umati, mkuu wa basilika, Mdominikani (shirika lake linaitunza tangu 1951), huinama hadi sakafuni na kuchota kupitia tundu dogo kimiminika kinachokutwa kaburini. Wanakiita mana. Ni kidogo sana, na huchanganywa na maji mengine ili waamini wapate kwenye vichupa. Kiko tangu Mira. Ile chupa ya padre Lupo ilikuwa na hicho hicho.

Wasioamini wanasema ni unyevu. Kanisa la chini liko karibu na bahari, jiwe la Puglia, mkoa wa Bari, linanyonya maji, kaburi limefungwa, hewa inapoa, matone yanashuka. Waamini wanajibu kwamba maji safi namna ile yanatoka kwenye mifupa na wala hayapenyi kutoka nje. Katika ubishi huu sina haja ya kuchagua upande, kwa sababu haubadilishi swali letu. Kama ni muujiza, ulikuwepo Mira kabla ya Bari. Kama ni unyevu, vivyo hivyo.

Sasa tufike kwa wadai. Mwaka 2009 mwanaakiolojia Nevzat Çevik, aliyekuwa akiongoza uchimbaji Mira, alisema hadharani kwamba Uturuki iombe mifupa irudishwe, kwa kuwa mwenyewe aliishi na kuzikwa pale. Hoja yake ni nyepesi kueleweka, nayo ni hoja inayotumika siku hizi kwa sanamu, vito na vichwa vilivyojaa makumbusho ya Ulaya. Kitu kirudi kilikotoka.

Ila mwaka 2017 maofisa wa mambo ya kale wa Antalya, mkoa ulio na Demre, wakatangaza kwamba rada imeonyesha nafasi isiyoguswa chini ya sakafu ya kanisa la Demre, na kwamba huenda Nikolao hajawahi kuondoka. Wabari, walisema, walibeba mifupa ya padre mwingine. Kwa haki, haya hayakusemwa na mtu mmoja. Lakini nchi moja haiwezi kuyashika yote mawili. Huwezi kudai deni kwa jirani huku ukitangaza kwamba pesa zako hazijatoka mfukoni.

Kinachodhoofisha dai la Uturuki kwangu ni jinsi Demre inavyomtunza Nikolao ambaye bado inaye, yaani jina lake. Kanisa ni makumbusho, unaingia kwa tiketi. Mjini palikuwa na sanamu ya shaba ya askofu, zawadi ya Warusi. Mwaka 2005 ikaondolewa kwenye nguzo yake, mahali pake pakawekwa Baba Krismasi wa plastiki mwenye nguo nyekundu. Warusi walikasirika, na sanamu ile ya plastiki baadaye nayo ikaondoka. Naelewa mji mdogo unahitaji watalii. Bari nayo ilihitaji, 1087. Tofauti ni kwamba Bari ilijenga mahali pa kusali.

Na wale waliolia ufukweni? Wazao wao, Wakristo wa Kiorthodoksi wa pwani ile, walibaki chini ya Waosmani karne nyingi. Mwaka 1923 Uturuki na Ugiriki zikakubaliana kubadilishana watu, na Wagiriki wa Anatolia wakapelekwa ng'ambo. Mira ikabaki bila mtu hata mmoja wa kulilia mifupa. Hapa ndipo kesi inapokuwa ngumu. Mwizi tunamjua, mali tunaijua, mwenye mali amehamishwa na wengine.

Linganisha na kesi tunayoijua sisi. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliidai Ujerumani fuvu la Mkwawa. Likachukua miaka 35. Gavana Twining wa Tanganyika alikwenda Bremen, Ujerumani, akachagua fuvu moja kati ya mengi kwa kulinganisha vipimo, na mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga. Hata leo wapo wanaouliza kama ndilo lenyewe. Lakini hakuna aliyeuliza apewe nani: Chifu Adam Sapi, mjukuu, alikuwa amesimama pale, na Wahehe nyuma yake. Mrithi alikuwa na sura. Nikolao ana masalia yaliyochunguzwa vizuri zaidi na mrithi asiyeonekana.

Yamechunguzwa kweli. Mei 1953 kaburi la Bari lilifunguliwa kwa sababu ya matengenezo, na Luigi Martino, mtaalamu wa maumbile ya mwili wa Chuo Kikuu cha Bari, akaipima na kuichora mifupa kabla haijarudishwa 1957. Aliikuta imelowa na ni dhaifu: mifupa ya mzee wa kimo cha wastani, karibu mita 1.67. Mwaka 1992 Martino huyo huyo akaitwa Venezia. Maana Wavenezia nao walifika Mira, wamechelewa, wakiwa njiani na Vita vya Kwanza vya Msalaba. Wakabeba vilivyobaki, na mwaka 1100 wakaviweka katika kanisa la San Nicolò kisiwani Lido. Kwa karne nyingi miji miwili ilibishana nani ana Nikolao wa kweli. Martino akalinganisha, akaona kwamba vipande vya Lido vinakamilisha mifupa ya Bari, vinatoka kwa mtu mmoja. Wote wawili walisema kweli, na wote wawili waliiba.

Mwaka 2017 maabara ya Oxford ilipima kipande cha mfupa wa nyonga kinachohusishwa na Nikolao, kilichokuwa kwa padre mmoja wa Illinois, Marekani, na umri wake ukaangukia karne ya 4. Vipimo hivyo havimtaji mtu kwa jina. Vinasema tu kwamba mapokeo hayajashikwa yakidanganya, na kwa masalia ya watakatifu hilo si dogo.

Upo pia upande wa Waorthodoksi, ambao magazeti huusahau yakiandika kana kwamba ni ugomvi wa Italia na Uturuki. Wao hawakukubaliana kuhusu tukio lenyewe. Wagiriki kwa desturi hawakuipokea kama sikukuu siku masalia yalipohamishwa. Kwao ni siku ya msiba. Warusi waliiweka kwenye kalenda yao tangu mwishoni mwa karne ya 11, wino wa kisa haujakauka, na hadi leo wanaisherehekea 9 Mei ya kalenda ya zamani, ambayo ni 22 Mei kwetu. Mwaka 1913 wakaanza kujenga kanisa lao na nyumba ya mahujaji huko Bari. Majira ya joto ya 2017 Bari iliazimisha ubavu mmoja wa Nikolao kwenda Moscow na St Petersburg. Watu zaidi ya milioni 2 walipanga foleni, wengine saa nane au zaidi, kwa dakika moja mbele ya sanduku.

Hapa ndipo utetezi wa Bari unapopata nguvu ambayo haukuwa nayo 1087. Tangu 1966 kanisa la chini lina kikanisa cha Kiorthodoksi. Liturujia ya Mashariki huadhimishwa hatua chache kutoka kaburini, katika basilika ya Kikatoliki. Julai 2018 Papa Fransisko aliwaita Bari mapatriarki wa Mashariki, wakashuka pamoja kaburini kabla ya kuiombea Mashariki ya Kati. Mahali pa namna hiyo hapajengwi kwa makubaliano ya maofisa. Pamekua polepole, miaka zaidi ya 900. Na pana kejeli yake: mwaka 1098 mji ule ule ulikuwa na mtaguso, mkutano wa maaskofu, ambako Anselmi, askofu mkuu wa Canterbury Uingereza, alisimama kuwathibitishia Wagiriki wa Italia ya kusini kwamba wanakosea kuhusu Roho Mtakatifu. Waliwakosoa Wagiriki mbele ya mifupa ya Mgiriki.

Kwa hiyo sioni sababu ya kurudisha masalia yote. Kuyapeleka Demre kungeyaweka nyuma ya kioo, kwa tiketi, mbali na kila anayeyapigia magoti. Lakini sikubali pia jibu ambalo Bari imeliishi karne zote, kwamba muda umeshaosha. Kanisa Katoliki lenyewe halikubali tena jibu hilo. Mwaka 1964 Papa Paulo VI alirudisha Patras, Ugiriki, kichwa cha Mtakatifu Andrea. Mwaka 1965 mwili wa Mtakatifu Saba ulitoka Venezia ukarudi kwenye monasteri yake karibu na Bethlehemu. Mwaka 1968 sehemu ya masalia ya Marko, aliyeibwa Aleksandria na Wavenezia mwaka 828, ikarudishwa kwa Wakopti, Wakristo wa Misri. Novemba 2004 Yohane Paulo II alimkabidhi Patriarki Bartolomayo wa Konstantinopoli masalia ya Gregori wa Nazianzo na Yohane Krisostomo. Kote huko aliyepewa hakuwa serikali wala makumbusho. Alikuwa Kanisa lililokuwa likiyaombea.

Kwa kipimo hicho mrithi wa Mira yupo: ni Upatriarki wa Konstantinopoli, kiti cha heshima ya kwanza kati ya Waorthodoksi, ambao umekuwa ukienda Demre 6 Desemba kuadhimisha Liturujia katika kanisa lile la makumbusho kwa kibali. Najua pingamizi. Upatriarki wenyewe unaishi kwa shida Istanbul. Seminari yake ya Halki ilifungwa mwaka 1971. Na tangu 2018 Kanisa la Moscow limevunja ushirika nao kwa sababu ya Ukraina, hivyo Bari ikimpa Konstantinopoli hata jino moja, mahujaji wake wakubwa, Warusi, watalichukulia kama kofi. Wadominikani wa Bari wana sababu ya kwenda taratibu.

Venezia haina sababu hiyo. Turudi kwenye vile vipande vilivyoachwa chini ya kaburi Matteo alipotoka na fuvu mkononi. Baada ya 1087, hivyo ndivyo pekee watu wa Mira walivyobaki navyo vya askofu wao; wezi wa kwanza waliwaachia, iwe kwa haraka au kwa huruma. Wavenezia wakaja kuchukua hata makombo. Kwao hakuna hoja ya kuokoa cha maana, kwa kuwa walikuta pameshavunjwa. Hakuna foleni ya mamilioni kisiwani Lido, hakuna mahali pa sala ya pamoja pa kubomoka, hakuna Mrusi wa kukasirika sana. Kuna sanduku la vipande ambavyo Martino ameshavithibitisha, na tayari kuna mfano wa Marko wa 1968, mji ule ule. Kama kuna mtu wa kuanza, aanze huko.